Koti la Mlango Mmoja

Tulikuja kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti,
mkataba wa Nkwabi wa kupandisha mabomba ya maji
hadi kwenye nyumba zilizokaa juu ya mawe ya Igogo
kama mbuzi waliosahau kushuka.
Chumba chetu kilikuwa na kuta tatu za matofali.
Ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe,
mali ya mlima, si ya mwenye nyumba,
lakini kodi yake hatukupunguziwa.

Mchana jiwe lilikunywa jua.
Usiku lilitugawia joto kidogo kidogo, kwa mkono wa birika,
hadi saa tisa, likakauka,
na kipupwe kikapita chini ya mlango
kikitoka ziwani na harufu ya dagaa.
Sisi watu wa Shinyanga, watu wa vumbi na tambarare,
tulilala na soksi.

Jumamosi ya pili Nkwabi akateremka Mlango Mmoja,
akarudi na koti.
Jekundu, nene kama godoro la kichanga,
elfu kumi na mbili, na maneno mengi juu yake.
Kwenye zipu kilining'inia kikaratasi kigumu,
kimefungwa kwa waya, maandishi ya ugenini yamefifia,
na picha: mtu mwenye vibao miguuni
anashuka mlima mweupe, magoti ameyakunja,
kama anayekwepa kofi.

"Anakimbia nini huyu?"
"Hakimbii. Amelipa," akasema Nkwabi,
"hiyo ni tiketi ya kushuka."
Tukacheka hadi Mama Nyanjige akagonga ukuta
(ule wa matofali; jiwe halipitishi kicheko).
Huku kwetu watu hulipia kupanda:
ndoo mia tatu, gunia la mkaa elfu mbili.
Kushuka ni bure, na risiti unapewa magotini.

Koti lilikuwa la kiume.
Mfukoni nikakuta kibanio cha nywele.
Basi walikuwa wawili, nikawaza,
wamepanga chumba katika mji wa milima,
wiki nzima wanapuliza viganja
wakiisubiri Jumamosi.
Nilimtazama Nkwabi akimenya michembe iliyochemka,
mvuke umemfunika nusu ya uso,
nikaona sina cha kuwaonea wivu.
Au nilikuwa nacho, kidogo. Theluji sijaigusa
isipokuwa ile ya ndani ya friji ya Mama Nyanjige,
nayo ina harufu ya sato.

Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe lililolala mteremko,
limesuguliwa na makalio ya watoto, na ya baba zao,
hata likang'aa kama kitako cha sufuria.
Lushinge, miaka kumi, alikodisha madumu yaliyopasuliwa katikati:
mtoto shilingi hamsini,
mtu mzima mia mbili, "kwa sababu anaharibu."

Jumapili fundi wa mabomba akavaa koti jekundu,
akalipa, akakunja magoti.
Sikuwahi kujua mume wangu ana sauti ile.
Alipita mlango wa choo, akapita kuku,
akasimamishwa na kamba ya nguo za watu,
suruali imechanika, shuka la jirani begani.
Nikasema mimi siwezi, nina miaka thelathini na nane.
Nikafunga khanga vizuri.
Ziwa lote likaja kunipokea,
na maji, na vivuko, na mabati ya Kirumba,
kisha likabaki pale pale lilipokuwa,
nami nimekaa kwenye vumbi, kiatu kimoja.

Tulirudia kila Jumapili.
Tarehe ishirini na tisa Agosti maji yakapanda:
bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza,
kisha Mama Nyanjige akapiga kigelegele, ndoo kichwani bado tupu.
Sisi tukafunga mizigo.

Shinyanga koti la nini? Tulimwachia Lushinge,
likamfika vifundoni.
Kibanio nimekichukua, ndicho hiki nilichobana.
Tiketi aliing'oa kwenye zipu mbele yetu,
akaitundika kwa waya ule ule kwenye dumu lake bora,
akapandisha bei: mia tatu.